Nani Kashika Daftari? Historia ya Namba Kwenye Filamu, Kutoka Tiketi 33 za Paris Mpaka Kibanda Umiza cha Mbagala

Leo sina ubuyu wa nani kaachana na nani. Nina ubuyu wa zamani kidogo, na huu unahusu hela. Majina ya mastaa wetu nitayaweka pembeni kama kawaida yetu, nyie wenyewe mtajua nani ni nani.

Nianze na mimi mwenyewe. Nikiwa darasa la sita nilikuwa na kazi. Kila Jumamosi na Jumapili nilikaa mlangoni kwenye kibanda umiza kimoja huku kwetu Mbagala, nakusanya shilingi mia mbili mbili. Mwenye kibanda, ambaye wote tulimwita Bro, alinipa daftari la mistari na akanielekeza niandike vitu vitatu: jina la picha, saa iliyoanza, na vichwa. Vichwa maana yake watu. Kila nikipokea mia mbili nachora kijiti kimoja, vikifika vinne napitisha cha tano juu yake.

Nilidhani ananichunga nisimwibie. Kumbe mwenzangu alikuwa anasoma. Baada ya kama miezi miwili alikaa chini na lile daftari usiku mzima, akaja na ratiba mpya. Picha za Kihindi Jumapili mchana. Za mapigano zilizotafsiriwa, usiku. Bongo Movie Jumamosi saa nane, kwa sababu daftari lilionyesha saa ile ndiyo dada zetu na mama zetu wameshaosha vyombo na wanakuja kwa makundi. Ndani ya muda mfupi kibanda kilikuwa kinajaa mpaka watu wanakalia ndoo. Bro akanunua spika mpya.

Leo nikisoma mambo ya filamu ndipo naelewa kwamba Bro, bila kompyuta na bila chuo, alikuwa anafanya kitu ambacho studio za Marekani zinakilipia mamilioni ya dola. Alikuwa anatumia data.

Ila kuna upande mwingine ambao zamani sikuuona. Lile daftari lilijua kitu ambacho msanii aliyecheza ile picha hakukijua. Sisi tulijua wangapi wamemwangalia Jumamosi ile, yeye hakujua. Na katika zile mia mbili mbili zote, yeye hakupata hata kumi. Nilikuwa mtoto, lakini nilikuwa sehemu ya mchezo, siwezi kujitoa.

Kwa hiyo stori ya leo ni hii: filamu zimehesabiwa vipi tangu zianze, na kila zama, daftari lilikuwa mkononi mwa nani.

KIBANDA UMIZA CHA KWANZA DUNIANI

Tarehe 28 Desemba 1895, chumba cha chini cha mgahawa unaoitwa Grand Café, jijini Paris. Ndugu wawili wa ukoo wa Lumière wanaonyesha picha zinazotembea. Kiingilio faranga moja. Programu ina vipande 10, kila kimoja hakifiki hata dakika moja. Watu waliolipa: 33.

Fikiria vizuri. Chumba cha chini, giza, watu wamebanana, mtu kakaa mlangoni anapokea hela. Hicho ni kibanda umiza, tofauti ni kwamba kipo Ufaransa. Na tunaijua ile 33 mpaka leo, zaidi ya miaka 120 baadaye, kwa sababu kulikuwa na kiingilio na watu wakahesabiwa. Filamu na hesabu zilizaliwa siku moja.

Biashara ilipohamia Marekani na kuwa kubwa, ugomvi wa daftari ukaanza. Studio ilikuwa inampa mwenye ukumbi filamu, halafu wanagawana mapato kwa asilimia. Sasa mwenye ukumbi akisema walikuja watu 200 wakati walikuja 400, nani atajua? Studio zikaanza kutuma watu wa kuhesabu vichwa. Mtu anakuja, anasimama karibu na mlango kama anasubiri rafiki, kumbe anahesabu. Hapo utaona kwamba tabia ya kuficha mapato haikuanzia Kariakoo.

Studio kubwa zikaona njia rahisi ni kumiliki kumbi zenyewe. Ukitengeneza filamu wewe, ukaisambaza wewe, ukaionyesha kwenye ukumbi wako, daftari zote tatu ziko kwako. Hali hiyo ilidumu mpaka 1948, Mahakama Kuu ya Marekani ilipotoa hukumu iliyosababisha studio hizo kuachana na kumbi zao. Wakati huo gazeti la Variety, lililoanzishwa New York mwaka 1905, lilikuwa limeshaanza tangu miaka ya 1920 kuchapisha mapato ya kumbi za miji mikubwa. Kwa mara ya kwanza, mtu wa nje aliweza kuchungulia ndani ya daftari.

KOMENTI MILIONI MBILI ZILIZODANGANYA

Hapa ndipo napenda zaidi, kwa sababu panatuhusu sisi wa mitandaoni moja kwa moja.

Mwaka 1936 Marekani walikuwa na uchaguzi. Gazeti moja maarufu, Literary Digest, lilituma karatasi za maoni karibu milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2. Likatangaza kwa kujiamini kwamba rais aliyepo, Roosevelt, anashindwa. Pembeni kulikuwa na jamaa mmoja, George Gallup, ambaye aliuliza watu wachache sana ukilinganisha na hao, kama elfu 50 hivi, lakini aliwachagua kwa mpangilio ili wafanane na nchi ilivyo. Akasema Roosevelt anashinda.

Roosevelt alichukua majimbo 46 kati ya 48. Lile gazeti halikufika mbali baada ya pale, 1938 likafungwa.

Kosa lilikuwa wapi? Majina mengi waliyatoa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari. Nchi ilikuwa kwenye hali mbaya ya uchumi, mwenye simu na gari alikuwa mtu wa kipato. Maskini, ambao walikuwa wengi na wanampenda Roosevelt, hawakuulizwa. Maoni milioni 2, lakini ya kundi lilelile.

Sasa angalia komenti za Instagram filamu mpya ikitoka. Unakuta komenti elfu kumi, moto, makopakopa, kila mtu anasema ni kali. Prodyuza anaamini amepiga bao, anakodi ukumbi, siku yenyewe viti vinapumua. Waliokomenti ni wenye bando na muda. Mama anayeuza vitumbua, ambaye kila jioni anaangalia tamthilia mpaka mwisho na ndiye angelipa, hajawahi kukomenti maishani mwake. Wingi wa sauti sio wingi wa watu.

Gallup baadaye akahamia kwenye filamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 alifanya kazi na studio ya RKO na nyingine, akipima kabla filamu haijatoka: jina lipi linavutia, staa yupi anauza tiketi kweli na yupi anauza magazeti tu. Moja ya mambo aliyoyaonyesha ni kwamba sehemu kubwa ya tiketi ilikuwa inanunuliwa na vijana wa chini ya miaka 30. Leo hilo linaonekana la kawaida, lakini kwa wakubwa wa studio waliozoea kuamua kwa hisia zao, ilikuwa habari.

PAPA ALIYEFUPISHA MAISHA YA FILAMU

Turuke mpaka 1975. Mkurugenzi mmoja, bado kijana wa ishirini na kitu, alikuwa ametoka kwenye mateso. Papa wake wa mashine alikuwa anaharibika kila akiguswa na maji ya chumvi, bajeti imepitiliza, watu wanasema amekwisha. Filamu yenyewe ni Jaws.

Kabla ya hapo, filamu kubwa kwa kawaida ilianza kwenye kumbi chache za miji mikubwa, halafu ikatambaa polepole kwenda miji midogo, kwa miezi. Watu waliambizana. Jaws ikafanya tofauti: matangazo ya televisheni usiku kwa usiku, halafu tarehe 20 Juni 1975 ikafunguliwa kumbi 409 kwa mpigo. Ikawa filamu ya kwanza ambayo mgao wa studio, yaani hela iliyobaki baada ya kumbi kuchukua chao, ulivuka dola milioni 100 ndani ya Marekani na Kanada.

Mwaka uliofuata kampuni moja huko California ilianza kupiga simu kwenye kumbi na kukusanya mapato kwa utaratibu. Baadaye namba zikawa zinatoka haraka, magazeti na televisheni yakazichukua, na mtu wa kawaida ambaye hana hisa hata moja akaanza kujua filamu ipi imeongoza wikendi. Hapo ndipo mchezo ulipobadilika. Filamu ikaanza kuhukumiwa kwa siku tatu. Ijumaa inatoka, Jumatatu asubuhi inaitwa bonge la filamu au maiti.

Sisi tumepunguza zaidi. Siku hizi ni saa 24. Wimbo au filamu ikitoka, posti inayofuata ni "watazamaji milioni moja ndani ya siku moja". Baada ya wiki mbili hakuna anayekumbuka jina. Namba ya haraka inapima kelele za kuingia. Haipimi kama watu walikaa.

REKODI IMEVUNJWA, KWELI?

Kila miaka michache utasikia filamu imevunja rekodi ya dunia. Kwa dola, anayeshika namba moja ni Avatar ya 2009, karibu dola bilioni 2.9 ukijumlisha na mara iliporudishwa kwenye kumbi. Avengers: Endgame ya 2019 iko nyuma yake na kama bilioni 2.8.

Lakini mia mbili niliyokuwa napokea mlangoni ilinunua maandazi mawili. Leo nenda nayo kwa muuza maandazi uone atakavyokuangalia. Hela inabadilika thamani. Mwaka 1939, ilipotoka Gone with the Wind, wastani wa tiketi Marekani ulikuwa senti 23. Mwaka 2019 ulikuwa dola 9.16. Ukihesabu vichwa badala ya dola, makadirio yanasema Gone with the Wind, pamoja na kurudishwa kwake mara nyingi, iliuza tiketi kama milioni 200 ndani ya Marekani. Nchi nzima wakati inatoka ilikuwa na watu kama milioni 130. Ukirekebisha thamani ya hela, yule bibi wa 1939 bado anawapita hawa vijana wote.

Na kuna hili ambalo lilinishtua zaidi. Mwaka 1946, kumbi za Marekani ziliuza tiketi kati ya milioni 80 na 90 kwa wiki. Mwaka 2019, kabla ya corona, ziliuza kama bilioni 1.2 kwa mwaka mzima, yaani chini ya milioni 25 kwa wiki, na nchi imeshakuwa na watu zaidi ya mara mbili. Lakini mwaka 2018 mapato yalikuwa karibu dola bilioni 12, rekodi. Yaani vichwa vilikuwa vimepungua sana ukilinganisha na 1946, huku tiketi ikipanda bei na kuficha shimo.

Ukiangalia hela tu, unasema biashara inakua. Ukiangalia vichwa, unaona watu wanaondoka taratibu, wanaenda kwenye televisheni, baadaye kwenye simu. Ni filamu ileile, mlango uleule, namba mbili, stori mbili tofauti. Ndiyo maana Bro aliniambia niandike vichwa. Hela angeihesabu mwenyewe.

DAFTARI LINALOKUANGALIA

Netflix ilianzishwa 1997 ikitumia watu DVD kwa posta. Mwaka 2006 ikatangaza shindano: yeyote atakayeboresha kwa asilimia 10 programu yao ya kubashiri mteja atapenda filamu gani, anachukua dola milioni moja. Wakamwaga nje alama zaidi ya milioni 100 ambazo wateja kama 480,000 walizipa filamu 17,770, wakiwa wamefuta majina. Zawadi ilichukuliwa 2009.

Ubuyu uko hapa. Watafiti wawili wa chuo kikuu cha Texas walionyesha kwamba kufuta majina hakutoshi. Ukilinganisha zile alama na alama ambazo mtu ameziandika hadharani kwenye tovuti nyingine ya filamu, unaweza kumjua ni nani. Na ukishamjua, unajua mengine yote aliyoyaangalia kimyakimya. Ikafunguliwa kesi, na shindano la pili likafutwa 2010. Kwa hiyo wewe unayeangalia vitu vyako usiku ukidhani hakuna anayejua, sawa.

Baada ya hapo daftari likawa na macho. Mlangoni kwetu nilijua umeingia. Hawa wanajua umeingia, umesimamisha dakika ya ngapi, umerudia wapi, na umeacha wapi. Mwaka 2013 ilipotoka House of Cards, dunia nzima ikaanza kuongelea filamu na tamthilia zinazoamuliwa kwa data.

Lakini wakati macho yanaongezeka, daftari lilifungwa kabatini. Zamani msanii wa Hollywood aliweza kusoma kwenye gazeti filamu yake imeingiza kiasi gani, akaenda mezani na hoja. Kwenye majukwaa ya mtandaoni akawa hajui. Mwaka 2023 waandishi wa Hollywood waligoma siku 148, waigizaji siku 118. Mambo yalikuwa mengi, ya malipo na ya akili mnemba, lakini mojawapo lilikuwa hili: tuonyesheni namba, tulipwe kwa namba. Waandishi walipata kwenye mkataba wao mpya haki ya chama chao kupewa saa ambazo kazi zimetazamwa. Desemba ya mwaka huohuo Netflix ikatoa ripoti ya saa za kutazamwa za kazi zaidi ya 18,000.

Mtu ana nyumba Beverly Hills, anasimama barabarani na bango miezi kadhaa akidai daftari. Halafu sisi tunaona takwimu ni mambo ya watu wa ofisini.

NIGERIA WALIPOJIHESABU

Hii ndiyo sehemu ambayo kila anayefanya filamu Bongo angeisoma mara mbili.

Filamu inayotajwa kama mwanzo wa Nollywood tunayoijua ni Living in Bondage ya 1992, iliyouzwa kwa kanda za video. Haikupita kwenye kumbi, ilipita sokoni, kwenye vibanda, kwa wauza vifaa vya umeme. Dunia haikuiona kwa sababu dunia ilikuwa inahesabu tiketi za kumbi, na Nigeria ilikuwa inauza kanda.

Mwaka 2009 UNESCO wakatoa utafiti wa filamu zilizotengenezwa mwaka 2006. India: 1,091. Nigeria: 872. Marekani: 485. Watu wakasoma mara mbilimbili. Nigeria mbele ya Marekani? Kilichobadilika ni kwamba safari hii waliamua kuhesabu na filamu za video. Filamu hazikuongezeka siku ile. Kilichoongezeka ni safu moja kwenye daftari.

Halafu Aprili 2014 ikaja kubwa zaidi. Nigeria ilikuwa inapima uchumi wake kwa kipimo cha mwaka 1990, wakati simu za mkononi hazipo na Nollywood haijazaliwa. Wakasogeza kipimo mpaka 2010. Uchumi wa nchi ukaruka kutoka kama dola bilioni 270 mpaka kama bilioni 510 kwenye karatasi, wakaipita Afrika Kusini na kuwa uchumi mkubwa kuliko wote Afrika. Ndani ya hesabu mpya, filamu na muziki zilionekana kuwa zaidi ya asilimia moja ya uchumi wote. Mwigizaji aliyekuwa anaitwa mhuni na wazazi wake sasa yupo kwenye pato la taifa.

Siku hizi mapato ya kumbi zao yanatangazwa, na ndiyo maana tunajua kwamba A Tribe Called Judah ya Desemba 2023 ilikuwa filamu ya kwanza ya Nollywood kuvuka naira bilioni moja kwenye kumbi za nyumbani. Mwenye filamu akienda kwa mwenye hela na namba kama hiyo, hahitaji kupiga magoti.

NA SISI JE?

Wakongwe wanakumbuka Kampuni ya Filamu Tanzania ya miaka ya 1968 na kuendelea, enzi za serikali. Lakini Bongo Movie tuliyokua nayo sisi ilikuja kwa kanda, halafu CD, halafu DVD, na ilishika kasi kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000. Kumbuka ile "Sehemu ya Kwanza" na "Sehemu ya Pili", stori moja imekatwa katikati ili ununue diski mbili.

Biashara yenyewe ilikuwaje? Mara nyingi prodyuza anatengeneza, anaenda kwa msambazaji, anauza filamu jumla kwa bei ya kukubaliana, anaondoka. Baada ya hapo zikidurufiwa nakala elfu tano au elfu hamsini, yeye hana njia ya kujua. Bado hujaongeza wa laibrari za mtaani wanaorusha kwenye flashi, wala vibanda umiza kama cha Bro. Kila mmoja ana kipande cha daftari, isipokuwa mwenye kazi.

Matokeo yake tuliyaona. Staa kila posta ni yeye, kila msiba anapewa siti ya mbele, lakini kodi ya nyumba inamtoa jasho. Watu wakasema anatapanya. Wengine walitapanya kweli, sikatai. Lakini mtu anayepanga bei bila kujua kauza ngapi mwaka jana, atapata haki vipi?

Halafu ikaja Aprili 2012. Tarehe 7, asubuhi, kila redio inasema jina moja. Simtaji, na wewe huhitaji nimtaje. Tarehe 10 maelfu kwa maelfu ya watu walijaa viwanja vya Leaders, Kinondoni, kumuaga. Watu walizimia. Barabara hazikupitika. Nilikuwa mdogo, niliangalia kwenye televisheni ya Bro, na kibanda kilijaa bila kiingilio. Siku ile sikuchora vijiti.

Nimewaza sana juu ya umati ule. Kwa miaka yote tuliambiwa soko letu dogo, watu hawanunui, msanii chukua hiki kidogo ushukuru. Siku ile watazamaji wa Bongo Movie walisimama wakahesabika kwa macho. Ilibidi mtu afe ndipo tujue ukubwa wa soko lake.

Mwaka uliofuata, 2013, Mamlaka ya Mapato ilianza utaratibu wa stempu za kodi kwenye CD na DVD za filamu na muziki. Lengo lilikuwa kodi na kupambana na wizi wa kazi, lakini ukiangalia kwa jicho la stori yetu, stempu ni kijiti. Nakala moja, stempu moja. Tatizo ni kwamba ilikuja wakati diski zenyewe zinaaga dunia.

Hapa kuna hoja moja naipinga kila siku vijiweni. Watu wanasema Bongo Movie ilikufa na yule staa. Kwa nini tunamsingizia marehemu? Angalia na vingine vilivyokuwa vinatokea miaka ileile. Mauzo ya DVD yalikuwa yanashuka mpaka Marekani kwenyewe, ambako hakuna aliyefiwa. Simu janja zilikuwa zinaingia. Flashi zilikuwa zinajaa tamthilia za Kikorea zilizotafsiriwa, bei karibu na bure. Pigo la msiba lilikuwa kubwa, ndiyo, lakini lilitokea wakati soko zima linahama. Bila takwimu za mauzo kabla na baada, huwezi kutenganisha hayo mawili, kwa hiyo tunachukua stori inayouma zaidi na kuiita sababu. Filamu hazikufa, zilihamia kwenye chaneli za kulipia na YouTube.

DAFTARI LIMERUDI, ILA LISOME VIZURI

Jambo la kufurahisha ni kwamba kijana anayetoa tamthilia YouTube leo, kwa simu tu, anaona watu wangapi wamefungua, wametoka nchi gani, na wameondoka dakika ya ngapi. Kwa mara ya kwanza kwenye historia ya filamu zetu, mwenye kazi ana daftari mkononi. Wale wa zamani wangelia.

Lakini historia yote hii imetuachia tahadhari. Ukiona namba, jiulize mambo matatu. Imehesabu nini, vichwa au hela, watu au mibonyezo, maana mtu mmoja anaweza kubonyeza mara kumi na mibonyezo mingine inanunuliwa? Imewaacha nani nje, kama lile gazeti la 1936 lilivyowaacha wasio na simu? Na nani anafaidika ukiiamini?

Hata daftari langu lilikuwa na shimo. Kulikuwa na watoto waliokuwa wanachungulia kwenye matundu ya mabati upande wa nyuma, bure, filamu nzima, wamesimama kwa mguu mmoja. Sikuwahi kuwachorea kijiti hata siku moja. Pengine wale ndio waliozipenda picha zile kuliko wote waliolipa.

Mwaka jana nilimuuliza Bro lile daftari liko wapi. Sasa hivi ana duka la vifaa vya simu. Akacheka, akaniambia mkewe alichana kurasa akafungia karanga. Miaka miwili ya takwimu za watazamaji wa Mbagala, imeliwa na chumvi.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Unadhani Bongo Movie iliuawa na nini hasa? Na kama wewe ni msanii, uliwahi kuambiwa kazi yako iliuza nakala ngapi? Dondosha komenti hapo chini, jina la msambazaji usitaje. Zote nitazisoma, na safari hii nazihesabu.